Usaili Upime Kazi, Usipime Lafudhi

Mwezi Juni mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijaza viti vya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Hawakwenda kushangilia kandanda. Walikwenda kufanya usaili wa nafasi 70 za kazi katika Idara ya Uhamiaji. Mwezi Machi mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania nayo iliita waombaji zaidi ya 100,000 kwenye usaili wa nafasi 1,596. Safari hii mtihani wa mchujo ulitawanywa katika vituo vya mikoa kadhaa, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo hesabu ilibaki chungu: watu zaidi ya sitini wakigombea kiti kimoja.

Mahali ambapo sitini wanagombea kiti kimoja, si cheti kinachoamua. Vyeti wanavyo wote sitini. Kinachoamua ni maandalizi: nani anajua atakavyoulizwa, nani amewahi kuketi mbele ya jopo, nani ana kaka au shangazi aliyemweleza mapema kwamba swali hili huulizwa kwa sababu hii. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo viongozi wa vyuo, waajiri na wazazi wa Mkoa wa Lindi hawana budi kulijibu bila kigugumizi. Kijana wa Kilwa Masoko, wa Mchinga au wa Kitomanga, aliyesoma uhasibu au kompyuta kwa mkopo wa Serikali na korosho za baba yake, nani amemwandaa kwa siku hiyo?

Jibu la kweli ni kwamba hakuna. Ameachwa ajiokoe mwenyewe.

ENZI YA KUPANGIWA KAZI IMEPITA

Hali haikuwa hivi siku zote. Katika miongo ya kwanza ya Uhuru mhitimu wa Chuo Kikuu hakutafuta kazi; alipangiwa na Serikali, kwa kuwa Taifa lilikuwa na upungufu mkubwa wa wataalamu na kila msomi alijulikana anakotakiwa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwenda mbali zaidi: lilitaka kijana afanye kazi kwanza, aonekane tabia yake na juhudi zake, ndipo aingie Chuo Kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake na uliachwa baadaye. Lakini ulikuwa na jambo moja la maana: ulimpima mtu kwa kazi aliyoifanya machoni pa wenzake.

Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990 yaliuondoa mpango wa kupangiwa kazi. Mashirika yalipunguza watu, mengine yakauzwa, na soko la ajira likawa soko kweli kweli. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 yalileta Sekretarieti ya Ajira, ili nafasi za Serikali zishindaniwe kwa haki badala ya kugawiwa kwa vimemo. Leo maombi hutumwa kwa mtandao, na mwombaji hupita mchujo wa maandishi, mtihani wa vitendo kwa baadhi ya kada, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Mabenki, makampuni ya simu na makampuni ya programu yana utaratibu wao: mtihani wa hesabu za haraka, mjadala wa kikundi, fumbo la kutatua, na mwisho jopo.

Utaratibu umebadilika, lakini vyuo havijabadilika. Mwanafunzi hufundishwa miaka mitatu jinsi ya kuandaa mizania, kisha huachiwa wiki moja ya kujifunza peke yake jinsi ya kuieleza mizania hiyo mbele ya watu watano asiowajua. Akishindwa, huambiwa kwamba hakujiamini. Kana kwamba kujiamini ni embe linalookotwa chini ya mti!

WACHUUZI WA MAJIBU

Penye pengo haukosi ulanguzi. Pameibuka wachuuzi wa majibu ya usaili. Wanauza vijitabu, wanauza semina za siku moja, wanauza orodha za maswali mia moja na majibu yake mia moja. Kijana anakariri. Akiulizwa ajieleze, anaanza na shairi lile lile walilolianza wenzake kumi waliomtangulia. Akiulizwa udhaifu wake, anajibu kwamba udhaifu wake ni kupenda kazi kupita kiasi. Jopo limekwisha kulisikia jibu hilo mara arobaini tangu asubuhi, na linamtazama kwa huruma au kwa usingizi.

Ubaya wa biashara hii hauishii kwenye fedha anazopoteza kijana. Unamfundisha kuwa usaili ni mchezo wa kuigiza, na kwamba yeye alivyo hatoshi, hivyo sharti aazime mtu mwingine wa kumwingia mwilini. Hiyo ni kasumba. Kijana wa pwani ya kusini, ambaye tangu utotoni amesikia kwao ni nyuma, huathirika nayo kuliko mwingine. Anaona haya kutaja Nangurukuru. Anaificha Lindi katika maelezo yake kama mtu anayeficha kiraka, na kwa kufanya hivyo anatupa silaha pekee ambayo washindani wake hawana. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

FEDHA SI MGENI KATIKA PWANI HII

Wanaodhani mambo ya fedha ni ya watu wa mijini wangefanya vyema kuvuka maji kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu yaliyopangwa kwa vina upande huu na upande huu. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala katika karne ya 14, ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa mji huu. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji uliositawi. Mji wa namna hiyo haukuendeshwa na watu wasiojua mizani, mkopo, dhamana na imani ya mnunuzi.

Historia peke yake, hata hivyo, haimpi mtu kazi. Muhimu zaidi ni yale yanayofanyika mkoani humu leo. Mkoa wa Lindi unauza korosho, ufuta na mbaazi kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005. Mkulima hupeleka mazao kwenye Chama cha Msingi. Yanapimwa, yanapangwa daraja, yanapelekwa ghala kuu na kupewa stakabadhi. Mazao huuzwa kwa mnada, na katika miaka ya karibuni minada hiyo imekuwa ikiendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Fedha za mnunuzi huingia benki, makato yanaondolewa, kilichobaki kinakwenda kwa mkulima. Ndani ya safari hiyo moja ya gunia mna uhasibu, ukaguzi, benki, sheria ya dhamana, bei za dunia na programu za kompyuta.

Tuseme mkulima wa Kilwa Kivinje amepeleka kilo 1,000 za korosho ghafi. Bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo, makato yote ni shilingi 200 kwa kilo. Anatarajia shilingi 2,800,000. Zinaingia 2,744,000. Zimepungua 56,000. Mhasibu aliyekariri vitabu ataanza kuishuku benki. Yule aliyepata kuketi katika Chama cha Msingi msimu wa minada atagawa 56,000 kwa 2,800, ambayo ndiyo bei halisi ya kilo baada ya makato, na atapata kilo 20 kamili bila sehemu. Hapo atajua kwamba tatizo la kuanza nalo haliko benki. Liko kwenye mizani. Ama korosho zilinyauka ghalani, ama zilipimwa vibaya pa kupokelea, ama mtu amejichotea. Ataomba kuona hati ya mapokezi ya Chama na hati ya mapokezi ya ghala kuu, azilinganishe.

Kijana akilieleza hilo mbele ya jopo la benki yoyote, kwa utulivu na kwa hatua, ameonyesha kwamba anaweza kufikiri na hesabu, kwamba anajua ushahidi unakaa kwenye hati gani, na kwamba hakimbilii kumlaumu mtu kabla ya kupima. Hakuna kijitabu cha majibu mia moja kinachoweza kumpa hayo.

Au aulizwe maana ya ukwasi. Wengi watatoa maneno ya darasani na kunyamaza. Lakini kila mtu wa Nangurukuru anamjua wakala wa fedha za simu ambaye siku ya malipo ya korosho huishiwa noti kabla ya saa sita mchana, ingawa simu yake imejaa salio. Mali anayo, tena nyingi. Kinachokosekana ni mali iliyo katika umbo linalotakiwa kwa saa inayotakiwa. Mabenki makubwa ya dunia yameanguka kwa ugonjwa huo huo.

TEKNOLOJIA NAYO IKO MLANGONI

Vivyo hivyo kwa teknolojia. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 katika Wilaya ya Kilwa, na tangu mwaka 2004 inasafiri kwa bomba chini ya bahari, inatua bara Somanga, na kwenda hadi Ubungo kuzalisha umeme. Bomba la namna hiyo haliongozwi kwa macho. Linaongozwa kwa vipimo vya mgandamizo, joto na kasi ya gesi, vinavyosomwa na kompyuta usiku na mchana. Ni kijana gani wa Kilwa anayesoma uhandisi wa kompyuta ambaye chuo chake kimepata kumpeleka akaone chumba cha udhibiti? Wangapi wamefika chuoni, wakahitimu, wakaitwa kwenye usaili, na walichokijua juu ya gesi ya kwao ni yale yaliyoandikwa magazetini tu?

Hata mambo madogo ni shule. Daftari la wakulima lina mtu aliyeandikwa kijiji kimoja kwa jina la Saidi Hamisi na kijiji cha pili kwa jina la Said Khamis. Kompyuta inaona watu wawili. Mgao wa salfa unatoka mara mbili. Mtaalamu wa programu afanye nini? Akilinganisha majina peke yake, atawafuta watu halali wenye majina yanayofanana, nao ni wengi katika pwani hii. Asipolinganisha, wizi unaendelea. Itambidi aweke alama kwa kila kinachofanana: namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu, kijiji, ukubwa wa shamba, kisha wale wenye alama nyingi wapelekwe kwa ofisa wa Chama awathibitishe kabla ya kufutwa. Maswali yanayoulizwa na makampuni makubwa ya kompyuta duniani ni ndugu wa swali hili. Wanataka kuona mtu anavyofikiri kwa sauti, anavyouliza kabla ya kujibu, anavyotambua mahali ambapo njia yake inaweza kumdhuru asiye na hatia. Kijana wa Lindi ana mifano hiyo nyumbani kwao, bure.

LUGHA NA LAFUDHI

Lakini je, atapata nafasi ya kuyasema? Hapo ndipo waajiri wanapopaswa kulaumiwa. Majopo mengi huendesha mahojiano kwa Kiingereza tangu salamu hadi kwaheri, hata kwa kazi ambayo kesho yake mwajiriwa ataifanya kwa Kiswahili kutwa nzima, akimweleza mkulima masharti ya mkopo au mvuvi jinsi ya kufungua akaunti. Matokeo yake ni kwamba jopo linapima usikivu wa shule aliyosoma mtu tangu utoto. Aliyelipiwa ada shule ya Kiingereza huonekana mwerevu hata pale anaposema upuuzi. Aliyesoma shule ya kata huonekana mzito hata pale anapojua.

Wapo watakaodai kwamba Kiingereza ni lugha ya fedha na teknolojia ulimwenguni, na kwamba kijana asiyekijua atalitia hasara shirika. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, wala haifai kufichwa. Mikataba ya gesi imeandikwa kwa Kiingereza, na maelekezo ya lugha za kompyuta yako kwa Kiingereza. Kijana wa Lindi lazima akisome Kiingereza kwa bidii, akiandike vizuri na akizungumze bila woga. Kumdanganya kwamba hakihitaji ni kumhujumu. Basi kama kazi inakihitaji, Kiingereza kipimwe kama kinavyopimwa kipaji kingine chochote: aandike barua, asome mkataba na kuueleza. Hilo ni jambo moja. Kupima akili ya uhasibu kwa kutumia lafudhi ni jambo jingine kabisa, na ni dhuluma. Nchi ambayo mwaka 2021 ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zake, ambako watu huhukumiwa uhuru wao na mali zao, inawezaje kushindwa kumwuliza karani wa benki kwa Kiswahili?

MWENDO WA KILOMITA 450

Umbali nao ni mtihani usioandikwa. Vyuo vikuu na taasisi kubwa ambako waajiri wa fedha na kompyuta hupenda kwenda kutafuta watu viko mbali na pwani ya kusini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo Mlimani, Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa mwaka 1972 kipo katikati ya jiji hilo hilo, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo Dodoma. Mtwara kuna matawi ya vyuo, lakini waajiri wakubwa hawaizoei njia hiyo. Kwa hiyo kijana aliyehitimu akarudi nyumbani Lindi, akiitwa usaili, anakabiliwa na mwendo wa kilomita 450 hivi kwenda, na nyingine 450 kurudi, pamoja na nauli, chakula na pa kulala. Akiitwa mara tatu kwa hatua tatu za usaili mmoja, familia imeuza mbuzi. Akikosa, hawauzi tena.

Ni kweli kwamba hali si ile ya zamani, wakati abiria walipolala mtoni Ndundu wakingoja kivuko. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 na limeiunganisha kusini na nchi. Lakini Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipokata barabara hiyo katika Wilaya ya Kilwa, mamia ya magari yalikwama. Kijana aliyekuwa na barua ya usaili mfukoni juma lile alikosea nini? Mwajiri anayeendesha mabilioni kwa mtandao anashindwaje kumhoji mtu kwa mtandao, katika ofisi ya halmashauri yake, mbele ya ofisa wa kuthibitisha kwamba ni yeye?

MALALAMIKO PEKE YAKE HAYAAJIRI

Pamoja na hayo, Lindi nayo haina budi kujitazama. Pamezuka tabia ya kungoja. Tangu gesi nyingi igunduliwe katika kina kirefu cha bahari kuanzia mwaka 2010, na eneo la Likong'o litengwe kwa mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika, kumekuwa na mazungumzo ya nafasi za kazi zitakazokuja. Mkataba wa awali ulitiwa saini Juni 2022. Kila mwaka husemwa kwamba mambo yako karibu. Vijana wanakaa barazani wakisema gesi ni yetu, kazi zitakuwa zetu.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 na kanuni zake za mwaka 2017 zimewapa Watanzania kipaumbele katika ajira na zabuni za gesi. Hiyo ni haki na ilindwe kwa nguvu zote. Lakini sheria humfikisha kijana mlangoni. Haimjibii maswali akishaingia. Mwenye kipaumbele asiyejua kusoma mizania atapewa kazi ya kufagia uwanja, na kanuni itahesabiwa imetimizwa. Ndipo yule yule aliyelala barazani atakapopaza sauti kwamba wageni wamechukua. Uchungu ulioonekana Mtwara mwaka 2013, wakati wa mgogoro wa bomba la gesi, uliigharimu nchi maisha na mali. Chanzo chake kimoja kilikuwa hofu ya watu kwamba utajiri utapita mbele ya macho yao bila kuwagusa. Hofu hiyo haiponi kwa hotuba. Huanza kupona siku watu wanapowaona watoto wao wakiwa ndani ya ofisi na karakana kwa sifa zao wenyewe.

Tena pana jambo la kukumbuka. Wamachinga ni watu wa Mkoa wa Lindi, wenye lugha na nasaba zao. Leo jina lao, kama wengi wanavyolieleza, limekuwa jina la kila mchuuzi anayetembeza bidhaa mabarabarani. Uchuuzi ni kazi halali na hauna aibu. Lakini jina hilo linapaswa kuwauma viongozi, kwani ni kumbukumbu ya vijana waliofika mjini bila mtu wa kuwafungulia mlango, wakalazimika kufanya biashara kizingitini. Watoto wao na wajukuu wao wamesoma. Je, nao waishie kizingitini, safari hii wakiwa na shahada mkononi?

KINACHOTAKIWA

Mambo yanayotakiwa si makubwa, wala hayahitaji fedha za wafadhili.

Vyuo viyafanye maandalizi ya usaili kuwa somo la wote, tangu mwaka wa kwanza, badala ya semina ya wachache wenye viingilio. Mwanafunzi aketi mbele ya jopo la walimu na wenzake mara nyingi kabla hajahitimu. Aulizwe, akosolewe, arudie. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kupitia mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kimekuwa na mpango wa kampasi mjini Lindi, kina bahati ya kuanza upya: kampasi hiyo ianze na jambo hili tangu siku ya kwanza.

Mafunzo kwa vitendo yaachwe kuwa safari ya kutafuta muhuri. Mwanafunzi wa uhasibu kutoka Kilwa apelekwe Chama cha Msingi wakati wa minada. Wa kompyuta apelekwe kwenye daftari la wakulima au mitambo ya gesi. Na arudi chuoni na tatizo moja alilolitatua, lenye tarakimu na hati. Hilo ndilo jibu lake atakapoulizwa: eleza kazi uliyoifanya.

Waajiri watangaze wanapima nini. Mtihani ambao vipimo vyake ni siri huwafaa wenye ndugu ndani, na undugunaizesheni hauna pango zuri zaidi la kujificha kuliko alama zinazotolewa kwa mtu kwa sababu jopo limempenda. Kila msailiwa aulizwe maswali yale yale, apewe alama kwa vigezo vilivyoandikwa kabla, na aliyeshindwa aambiwe ameshindwa wapi. Hatua za mwanzo zifanyike karibu na mwombaji.

Wasomi wa Lindi walio katika mabenki, mamlaka na makampuni ya Dar es Salaam wana deni. Wanarudi nyumbani kwa harusi na misiba. Warudi pia mara moja kwa mwaka, waketi katika ukumbi wa shule Kilwa Masoko, Lindi, Nachingwea au Liwale, wawahoji vijana kama wanavyohojiwa huko, kisha wawaeleze bila kuficha walipokosea. Kumwandikia mpwa kimemo ni kumwibia mtoto wa jirani. Kuwafundisha wote wawili, kisha ashinde aliye bora, ndiyo haki.

Na kijana mwenyewe aache kukariri. Ajue shirika analoliomba linapata fedha zake wapi na linazipoteza wapi. Aandike kazi tatu alizozifanya kwa mikono yake, hata kama ni kutunza daftari la duka la mama yake, na aweze kueleza kila moja: tatizo lilikuwa nini, alifanya nini, kilibadilika nini kwa hesabu. Ajizoeze kusema asilolijua kwamba halijui, kisha aonyeshe atalitafuta vipi. Avae nguo safi, afike mapema, amtazame anayemwuliza, na asione haya kutamka mahali alikozaliwa.

Taifa lililotumia fedha za wavuja jasho kumsomesha mtoto wa mvuvi hadi shahada, halafu likamkataa kwa sababu ya lafudhi, au kwa sababu daraja lilikatika, au kwa sababu hakuna aliyemwambia atakavyoulizwa, limezitupa fedha hizo baharini. Vijana wa Kilwa na Lindi hawaombi kupendelewa. Wanaomba waulizwe juu ya kazi, na wafundishwe mapema kwamba wataulizwa. Kuwanyima hayo mawili ni kuwafungia mlango, na wanaoufunga, wawe vyuoni, katika mashirika au barazani, watajwe na waachishwe tabia hiyo.